Kitanda cha Athumani Kilichogeuzwa

Wauguzi vijana wa wodi yetu waliponiaga walinipa saa ya ukutani. Kumpa saa mtu aliyekwisha kuachana na saa ni jambo la ajabu, lakini nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Pamoja na saa wakaniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nimekubali, ila sitaandika nilipanda cheo lini wala mshahara ulikuwaje, kwa sababu hayo hayamfundishi mtu kufunga kidonda. Nitaandika juu ya vidonda vya mgandamizo, ambavyo zamani tuliviita vidonda vya kulalia. Wenzangu mmezoea kusema kwamba mzee Mwakio hashtuki. Si kweli. Nimeshtuka maisha yangu yote, tena sana. Nilichojifunza ni kushtuka huku mikono ikiendelea na kazi.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya hamsini, katika hospitali ndogo upande wa Changamwe. Nilitoka kwetu Taita kwa treni nikiwa na sanduku la bati na shati moja zuri. Nilidhani hospitali ni mahali pa kunusa dawa. Siku ya kwanza nilipewa kaptura nyeupe iliyokuwa imemtosha mtu mnene kuliko mimi, nikakabidhiwa kwa Bwana Katana, Mgiriama mfupi mwenye sauti ya ukali, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume. Hakunisalimu. Alisema, "Funga macho, utembee kati ya vitanda, uniambie pua yako imesimama wapi." Nikatembea. Pua ikasimama. Nilipofumbua macho nilikuwa mbele ya mzee aliyelala kwa utulivu, shuka limenyooka, uso umenyolewa vizuri, mtu ambaye kwa kumtazama ungesema yuko karibu kwenda nyumbani.

"Macho yako yamekwambia hana neno," Katana akasema. "Pua imekwambia kweli. Katika kazi hii utaiamini pua."

Mkubwa wetu sote alikuwa Sista Hallam, Mwingereza mrefu aliyependa mstari kuliko kitu kingine chochote duniani. Vitanda vyote vilipangwa vichwa vikielekea ukuta wa mashariki. Magurudumu yote yalitazama upande mmoja, na mdomo wa foronya haukuruhusiwa kutazama mlango. Kwa muda mrefu niliamini kwamba foronya ikitazama mlango mgonjwa atakufa. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini namna Sista alivyokunja uso ilitosha kunifanya niamini.

Basi nilikuwa bado mgeni alipoletwa Athumani.

Athumani alikuwa hamali wa bandarini Kilindini, kijana mrefu mno, mwenye mabega ya kubebea magunia. Mzigo uliteleza kwenye winchi ukampiga mgongo. Tangu siku ile kiuno na miguu havikuwa na hisia yoyote. Mifupa ilipotulia alirudishwa nyumbani Kongowea kwa mama yake, Bi Rukia, mjane aliyekuwa hana mtoto mwingine. Na Bi Rukia akamtunza. Nataka mlielewe hilo vizuri kabla hamjaanza kulaumu. Alimtandikia godoro jipya la sufi juu ya kitanda cha kamba, akamlisha kwa mkono wake, akamfukuzia nzi. Na kwa kuwa aliambiwa mgongo umevunjika, hakumgeuza hata kidogo, asije akamvunja zaidi. Alimlaza chali, akamwacha chali. Wakati alipoona kitu cheusi kama kitambaa kimeshikana na ngozi chini ya kiuno, akakodi gari akamleta.

Tukamlaza ubavu. Nikaona gamba jeusi lililokauka, halizidi ukubwa wa kifuniko cha chupa. Nikapumua. Nikamwambia Katana, "Ni kidogo tu."

Katana alinisogeza kando. Alichukua mkasi na koleo, akainua ukingo wa gamba, akakata. Alivyokata ndivyo shimo lilivyozidi kufunguka. Chini ya lile gamba nyama ilikuwa imeoza ikaenda huku na huku chini ya ngozi, na harufu ikatoka hata mgonjwa wa kitanda cha tatu akajifunika uso. Kisha nikaona kitu cheupe ndani kabisa. Nikadhani ni usaha. Katana akakigusa kwa ncha ya koleo kikalia, ko, ko. Ulikuwa mfupa.

"Kidonda cha kulalia kina mlango mdogo na nyumba kubwa," akasema. "Usipige hodi ukarudi. Ingia uone vyumba vyote."

Ngumi yangu ingeingia mle bila kugusa kingo. Lakini kilichonitoa nje, hadi barazani, hadi kwenye ndoo, hakikuwa shimo. Ni Athumani. Uso wake ulikuwa umeelekea upande wa pili, na katikati ya ule ukataji aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona mmenyamaza? Mtaanza saa ngapi?"

Hakuwa amesikia kitu. Tulikuwa tumefika kwenye mfupa wake, naye alikuwa akitungoja tuanze.

Niliporudi nimeosha uso, Katana alinionyesha kazi. Nanyi nawaeleza, ingawa leo mna dawa ambazo sisi hatukuziota. Tulichemsha maji ya chumvi wenyewe. Tulisafisha shimo mpaka maji yarudi meupe. Nyama iliyokufa tulikata kidogo kidogo kila siku, kwa sababu ukiikata yote kwa pupa utafika kwenye ile hai, nayo itakutolea damu. Kisha tulichovya utepe wa shashi katika dawa ya Eusol, ambayo ilinuka kama kisima kilichotiwa klorini, tukaujaza ndani polepole. "Weka, usishindilie," Katana alikuwa akisema. "Si gunia la pamba hilo." Ukishindilia unakandamiza, na kukandamizwa ndiko kulikoleta kidonda.

Hospitali ilikuwa na duara la mpira la kupuliza, lililowekwa chini ya matako ili kidonda kining'inie hewani. Sista alilisifu sana. Katana alilichukia. Alisema linaondoa uzito katikati na kuupeleka pembeni, na kweli nimeona kwa macho yangu wagonjwa wenye alama ya pete nyekundu kuzunguka kidonda. Yeye aliamini mito ya sufi, shuka lisilo na kunyanzi hata moja, mayai, maziwa, samaki, maharagwe, na juu ya yote kumgeuza mtu. Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, kushoto tena, kulia tena, mchana na usiku, sikukuu na siku ya kazi. Ngozi inayokandamizwa haipati damu, na isiyopata damu inakufa. Huo ndio utabibu wote wa vidonda hivi, na yanayobaki ni mapambo.

Lakini Athumani hakutaka kugeuzwa wala kula. Alifumba macho asubuhi akayafumbua jioni, na katikati hapo alijibu neno moja kwa siku. Nilipomletea uji wa maziwa aliniambia, "Mpe mwenye tumbo." Nilipomgeuza alisema, "Nusu hii si yangu. Nendeni nayo mnakotaka." Alianza kukonda. Katana akanivuta kando akaniambia bila kupunguza maneno kwamba kidonda kinajengwa na chakula, na kwamba mtu huyu asipokula, tunayemfunga vitambaa kila siku ni maiti. Neno hilo nililikumbuka baadaye.

Sasa nifike kwenye ile siku. Hakuna mtu mmoja aliyeifanya. Kila mmoja alileta kipande chake. Sista aliamuru Athumani atandikiwe mashuka mapya meupe na azungushiwe mapazia ya fremu, wengine wasisumbuke na harufu. Mzee wa kitanda jirani, ambaye alisumbuka vilevile, aliomba apewe kaa la moto, akachoma ubani. Mimi nilimaliza kumfunga Athumani, nikaacha mabaki ya pamba juu ya toroli. Ilikuwa zamu ya ubavu wa kulia, basi nikamlaza ubavu wa kulia, nikapanga mito, nikamfunika hadi usoni kwa sababu ya nzi. Katana aliitwa kwenye chumba cha upasuaji. Nikaenda kuosha vyombo.

Mimi ni Mtaita na Mkristo. Sikujua kwamba katika wodi ile, aliyelala ubavu wa kulia alitazama kaskazini, na kwamba kwa sisi tulio Mombasa kaskazini ndiko kibla. Sikujua kwamba Mwislamu akiwa katika kukata roho hulazwa hivyo hivyo, kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Ongezeni shuka jeupe, pamba, ubani, na mapazia.

Bi Rukia akaingia saa ya kutazama wagonjwa, kikapu mkononi, buibui limejaa vumbi la njia. Akafungua pazia.

Sijawahi kusikia sauti ile tena isipokuwa mara moja, nami nitaifikia. Vyombo viliniponyoka. Nilipotoka mbio Bi Rukia alikwisha kuangusha kikapu, maandazi yanabingirika chini ya vitanda, naye yuko barazani anashikwa na wanawake asiowajua. Nao wakalia. Mtu mmoja kutoka Kisauni aliyekuja kumwona ndugu yake akaruka juu ya baiskeli kupeleka habari ya msiba bila kungoja kuulizwa. Nikapiga kelele, "Mama, ngoja! Hajafa!" Lakini nani atamsikiliza kijana mwenye kaptura kubwa anayepiga kelele katika kilio? Mwanamke mmoja alinipapasa bega akaniambia nijikaze, ni kazi ya Mungu.

Nikarudi kwa Athumani. Nikavuta shuka. Alikuwa macho, ametumbua macho, anasikiliza.

"Umesikia?" nikamwuliza. "Sema kitu! Mama yako analia!"

Akanitazama. Akasema taratibu, "Mwache amalize. Akinilia leo atapumzika kesho."

Jamani! Nilikuwa nimeona mfupa wa mtu huyu, lakini hili lilinishtua kuliko mfupa. Alikuwa radhi kuzikwa masikioni mwa mama yake, yeye yuko pale anapumua. Nikatoka tena kumtafuta Bi Rukia, nikaambiwa wanawake wamempandisha gari wanampeleka nyumbani kupokea watu. Nikamwendea Sista, naye hakunielewa. Akafikiri nimelewa.

Alasiri wakaja watu wa Kongowea. Walikuwa wengi, kofia zimenyooka, na wanne kati yao wamebeba jeneza. Walikuwa wamekatiza daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea juu ya maji, wakapanda lori la mchanga hadi kwetu. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Bakari, aliyekuwa msimamizi wa kundi la mahamali la Athumani. Wakati huohuo Katana akatoka chumba cha upasuaji, aproni ina damu, akawakuta mlangoni.

"Mmemfuata nani?"

"Marehemu Athumani."

"Marehemu yupi? Mimi nina Athumani mmoja, naye hajaniaga."

"Bwana, usitufanyie mzaha siku kama hii. Mama yake amemwona kwa macho yake."

Katana akanitazama mimi. Akaenda moja kwa moja hadi kitandani, wenye jeneza nyuma yake, akafungua mapazia yote kwa mkupuo mmoja, akavuta shuka. Athumani alikuwa vilevile, ubavu wa kulia, macho wazi. Akawatazama wenzake. Akalitazama jeneza. Alilitazama kwa muda, kama alivyozoea kutazama mzigo kabla ya kuubeba.

"Mzee Bakari," akasema. "Jeneza hili fupi. Na miguu hii mtanitia vipi?"

Wawili waliachia mikono. Jeneza likaanguka pembe moja kwa kishindo, na mmoja katika waliobeba akatoka dirishani, ingawa mlango ulikuwa wazi. Mzee Bakari akasema "Laa ilaaha illa Llah" akakaa chini sakafuni, hapo hapo. Kisha mtu fulani akaanza kucheka. Nikatazama nani. Alikuwa Athumani. Kifua kilimtetemeka, machozi yakamtoka, akacheka mpaka wodi nzima ikaambukizwa, hata mzee wa ubani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona meno.

Bi Rukia aliletwa na lori lilelile. Aliingia polepole, anashika ukuta. Alifika kitandani akaweka kiganja mbele ya pua ya mwanawe.

"Yuwapumua," akasema. "Yaa Rabbi, yuwapumua."

Kisha akamzaba kofi.

"Uliskia nalia, nawe ukanyamaa? Wallahi, Athumani, uliniskia?"

"Nilikusikia, mama."

"Na ukaniwata nilie?"

Bi Rukia akakaa ukingoni mwa kitanda. Aliinua kidole juu. "Naapa mbele ya hawa wote. Sitakulilia tena mpaka awe dresa mwenyewe, huyu akufungaye vidonda, amekushika akanambia ni kweli. Hata nikuone u mkavu. Kilio changu hukichezei mara ya pili."

Athumani alifumba macho. Nilidhani amerudi kule kwake kwa zamani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Chakula cha matanga mmekwisha pika?"

Kilikuwa kimepikwa, maana majirani wa Kongowea hawangoji. Kikaletwa kwa sufuria, wali na nyama ya mbuzi, na Athumani akala matanga yake mwenyewe mpaka akalamba vidole. Katana alisimama mlangoni akitazama. Aliponipita aliniambia, "Nilikwambia umgeuze, sikukwambia umzike." Hakulitaja tena maishani mwake.

Ningependa kusema kwamba hapo mambo yakanyooka. Kula alikula. Lakini Bi Rukia alikuja kila siku sasa, akaketi kwenye kigoda ubavuni mwa kitanda, na akakataa katakata mwanawe kulazwa ubavu wa kulia. "Hivyo ni kumwita malaika wa mauti," alisema. "Alikuja mara moja akakosa mtu. Mara ya pili hakosi." Sista akabembeleza, Katana akagomba, haikusaidia. Tukataka kumlaza kifudifudi, Athumani mwenyewe akakataa, akasema kulala hivyo ni kulala kwa watu wa motoni. Chali hapalaliki, ndipo penye shimo. Ulibaki ubavu wa kushoto tu.

Haikupita muda nikamwogesha nikaona wekundu juu ya nyonga ya kushoto, pale mfupa unapochomoza. Katana alikuwa amenifundisha: bonyeza kwa kidole gumba, ukiachia ngozi ikapauka kisha ikarudi, bado uhai upo. Nikabonyeza. Nikaachia. Haikupauka. Ulibaki wekundu uleule, mzito. Nikamwita Katana. Shimo la nyuma lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kuota nyama mpya, nyekundu, yenye chembechembe kama kokwa za komamanga, na huku ubavuni linataka kufunguka jingine. Mwili ule haukuwa na nguvu ya kujenga nyumba mbili. Nyonga ikifunguka, tungempoteza, na safari hii jeneza lisingekuwa la bure.

Tukasimama watatu, Katana, mimi na Bi Rukia, tunabishana juu ya kichwa chake. Katana alimwambia Bi Rukia waziwazi, "Mama, unamwua." Bi Rukia akajibu, "Naogopa nanyi mwaniambia naua." Sauti zikapanda. Ndipo Athumani akasema, "Mnapiga kelele bure. Mzigo hauna kosa, gati ndiyo imekaa vibaya. Geuzeni kitanda."

"Vipi?" Katana akauliza.

"Kichwa kije huku njiani, miguu iende ukutani. Nikilala kulia nitatazama kusini, kusini hakuna kibla. Nikilala kushoto nitatazama kibla, na hakuna maiti anayelazwa kushoto. Bandarini gunia la chini hupasuka likikaa mahali pamoja, sisi tulikuwa tukilihamisha. Nigeuzeni, mimi sitaki kupasuka."

Nilimtazama. Mtu yule yule aliyetaka kuliliwa na kusahauliwa, sasa alikuwa akitupangia shehena.

Bi Rukia alitoka nje barazani, akatazama jua liko wapi, akahesabu pande kwa kidole. Alirudi. "Basi kigeuzeni," akasema. "Lakini mkono wa kulia nitamshika mimi."

Tukakigeuza. Katika wodi ile ya mistari, kitanda kimoja kikakaa kinyume, kichwa kimetokeza njiani kama jino lililoota vibaya. Sista Hallam alipopita alisimama ghafla, rangi ikampanda shingoni.

"Kwa nini kitanda hii inaangalia huko?"

Katana hakueleza mambo ya kibla. Alifunua nyonga ya kushoto, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Sista akainama akatazama. Akabonyeza mwenyewe. Kisha akasema, "Sawa. Lakini magurudumu yake yaangalie pamoja na ingine." Nikapiga magoti nikayageuza magurudumu. Huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote niliouona katika hospitali ile.

Wekundu wa nyonga ulififia. Shimo la nyuma likachukua utepe mfupi zaidi, kisha mfupi zaidi, mpaka nikawa nachovya kipande kisichozidi kidole. Nilikuwa siamini. Kila asubuhi nilifungua kitambaa nikiwa na hofu kwamba nyama itakuwa imerudi nyuma, na kila asubuhi ilikuwa imesogea mbele. Athumani alitazama dirisha lililokuwa miguuni pake, kreni za bandari zikionekana kwa mbali, akatuambia meli gani inapakuliwa vibaya.

Alipoondoka kwetu, Bi Rukia alikipanga kitanda cha nyumbani kinyume vilevile, akawa anamgeuza kila ikiadhiniwa na tena katikati ya adhana na adhana. Nilikuwa nikienda Kongowea kwa baiskeli siku zangu za mapumziko. Nilimkuta Athumani amelala ubavu anasokota kamba za makumbi ya nazi na kugombana na wanunuzi. Bi Rukia alinikaribisha kwa namna moja tu: "Shikamoo, mama." "Marahaba. Nawa mikono, umtazame mgongo." Chai ilikuja baada ya mgongo. Siku moja nikatazama nikakuta hakuna cha kufunga. Kovu limejikunja, kavu, limefungwa. Nikaketi chini kwenye mkeka nikacheka kama mjinga.

Mwaka wa Uhuru ulipofika, kabla bendera haijapandishwa, figo zilimsumbua Athumani. Mpira wa mkojo ulikuwa adui wetu mwingine, na zamani hatukuwa na silaha za kutosha dhidi yake. Alikuwa na homa za kuja na kuondoka. Asubuhi moja mtu mwenye baiskeli alisimama mbele ya wodi akaniita. "Bi Rukia akuita," akasema. "Hakusema kwa nini, na amekataza mtu kusema lolote."

Nilikanyaga baiskeli bila kuomba ruhusa. Nilipofika nilikuta uani wanawake wengi wamejaa, na wote kimya, wameweka ncha za kanga midomoni. Sijaona kimya cha namna ile katika nyumba ya Kiswahili. Wakanifungulia njia.

Kitanda kilikuwa kimegeuzwa. Kichwa kimerudi kule kinakorudi vichwa vya watu wote, na Athumani amelala ubavu wa kulia, uso kibla. Bi Rukia alikuwa kwenye kigoda chake, ameshika mkono wa kulia wa mwanawe, macho makavu.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa sababu sikuwa na neno jingine.

"Marahaba. Nawa mikono, umtazame."

Nikanawa. Nikashika shingo, nikangoja. Nikasikiliza kifua, nikangoja zaidi kuliko ilivyohitajika, maana ndani yangu mlikuwa na mjinga aliyetarajia kusikia habari ya jeneza fupi. Nikainua ukope. Bi Rukia akasema, "Na mgongo."

Nikashusha shuka. Nikapitisha kiganja pale ambapo zamani ngumi yangu ingeingia na koleo likalia juu ya mfupa. Palikuwa pamefungwa. Nyonga ya kushoto, nzima. Ya kulia, nzima. Visigino, vizima. Katika miaka yangu yote kazini, kabla na baada, wagonjwa wengi wa mgongo niliowatayarisha kwenda makaburini walikwenda na mashimo. Huyu hakuwa na hata mkwaruzo. Nilikuwa nimejiandaa kuona kifo, sikuwa nimejiandaa kuona ngozi ile. Nilishtuka mpaka nikasahau mkono wangu pale.

"Hana kidonda, mama," nikasema. "Hana hata kimoja."

"Na hilo jingine?"

"Ni kweli, mama. Amekwenda."

Aliuachia mkono wa mwanawe, akautandaza vizuri juu ya shuka. Akajifunga kanga kiunoni. Ndipo Bi Rukia alipolia, kwa sauti ile ile niliyoisikia siku maandazi yalipobingirika chini ya vitanda, na uani wanawake wote wakampokea.